Eksirei za Galaksi Zenye Mikondo Mikali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi, walimu na wapita njia wanaosimama kuchungulia darubini yetu Kisumu, Maseno na Nakuru. Tumebakiza yale yanayorudi kila tukikutana na watu. Mikondo tunayoisema ni michirizi ya gesi inayorushwa kwa kasi kubwa kutoka kitovuni mwa galaksi. Kabla hujaanza kusoma, shika jambo moja: ukisikia galaksi fulani inatoa eksirei, uliza kwanza ni sehemu yake ipi. Galaksi moja yaweza kuwa na sehemu kadhaa zinazotoa eksirei, kila moja kwa njia yake, na mkanganyiko mwingi huanzia pale watu wanapozichanganya.

## Ya kuanzia

1. Galaksi "hai" ni ipi? Na yetu je, imekufa?

Galaksi huitwa hai pale shimo jeusi la kitovuni mwake linapokuwa linakula. Karibu kila galaksi kubwa ina shimo la aina hiyo, lenye uzito wa mamilioni au hata mabilioni ya Jua letu. Gesi inayovutwa haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka na kujikusanya kuwa sahani bapa, husuguana, hupata joto kali na kung'aa, wakati mwingine kuliko nyota zote za galaksi hiyo zikijumlishwa.

Yetu haijafa, iko kwenye mfungo. Shimo lake, Sagittarius A*, lina uzito wa takriban Jua milioni 4, na kwa sasa linakula makombo tu.

2. Si shimo jeusi halitoi kitu? Mkondo unatoka wapi basi?

Kilichovuka mpaka wa shimo hakirudi, hilo ni kweli. Mkondo hutokea nje ya mpaka huo. Uga wa sumaku, ukisokotwa na sahani pamoja na mzunguko wa shimo lenyewe, hunasa sehemu ya gesi na kuirusha pande mbili zinazopingana, kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Hatua zenyewe bado zinachunguzwa, lakini kwamba sumaku inahusika, ni wachache wanaobisha.

Si kila galaksi hai ina mkondo mkali. Kwa kwasa, yaani vitovu vinavyong'aa kupita kiasi, ni kama moja tu kati ya kumi. Mkondo wa kwanza kuonekana ulikuwa wa galaksi M87. Mwaka 1918 Heber Curtis wa Lick Observatory, California, aliandika kwamba galaksi hiyo ina mstari wa ajabu ulionyooka kutoka kitovuni. Hakujua ni nini. Enzi hizo hata kuwepo kwa galaksi nyingine nje ya yetu kulikuwa bado kunabishaniwa. Leo tunajua mstari huo una urefu wa takriban miaka 5,000 ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na shimo linaloutoa, lenye uzito wa Jua bilioni 6.5, ndilo lile ambalo picha yake ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019.

3. Hizi ni eksirei zile zile za hospitalini?

Aina ni ile ile, kazi ndiyo tofauti. Hospitalini mashine hurusha elektroni zikagonga chuma, eksirei zikatoka, zikapenya mwilini, na ile filamu unayoishika mbele ya dirisha inaonyesha mahali zilipozuiwa, yaani mifupa. Darubini ya eksirei haimuliki chochote. Inangoja tu fotoni, yaani chembe za mwanga, ambazo galaksi imezitoa yenyewe. Kwa hiyo usitafute "mifupa ya galaksi" katika picha hizo. Palipong'aa ndipo palipotoa eksirei.

Kwa nishati, fotoni ya nuru ya kawaida ina takriban elektroni-volti 2 (hiki ni kipimo kidogo cha nishati). Chandra, darubini ya eksirei ya NASA iliyo angani, hupokea zaidi zile za kati ya 500 na 8,000. Ni nishati kubwa, lakini bado ni ndogo kuliko ya nyingi za zile zinazotumika kupiga picha ya kifua.

4. Zitatudhuru? Na kwa nini darubini ya eksirei haijengwi Mlima Elgon?

Maswali mawili, jibu moja: hewa. Angahewa iliyo juu yetu ina uzito sawa na maji ya kina cha takriban mita 10 kwenye usawa wa bahari, na eksirei kutoka angani haziwezi kupenya hapo. Haziwezi kukudhuru, na kwa sababu hiyo hiyo huwezi kuzinasa ukiwa Elgon, wala Kilimanjaro. Ni lazima upande kwa roketi au setilaiti.

Huko juu nako vioo si vya kawaida. Eksirei ikikutana na kioo uso kwa uso hupenya au kumezwa. Hurudishwa tu inapokipitia kwa mkwaruzo, karibu sambamba nacho. Ndiyo maana vioo vya Chandra, iliyorushwa tarehe 23 Julai 1999, vina umbo la mapipa yaliyopachikwa moja ndani ya jingine.

## Sehemu ipi inayong'aa?

5. Basi zitaje hizo sehemu.

Karibu kabisa na shimo, juu ya sahani, kuna wingu la elektroni za moto linaloitwa korona. Huko fotoni za sahani hugongwa na kupandishwa hadi eksirei. Korona inapatikana hata kwenye galaksi hai zisizo na mkondo. Kisha kuna mkondo wenyewe, mara nyingi ukionekana kama mafundo mafundo yaliyopangana. Mwishoni mwa mkondo, pale unapojigonga kwenye gesi ya nje, kuna madoa angavu. Na kuzunguka yote hayo kuna gesi ya moto ya kundi zima la galaksi, ambayo pia hutoa eksirei kwa sababu tu ina joto la mamilioni ya digrii.

Gazeti likiandika "eksirei kutoka shimo jeusi", mara nyingi limeziweka zote nne kwenye gunia moja.

6. Mkondo wenyewe unatoaje eksirei?

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni sinkrotroni. Elektroni inayokimbia karibu na kasi ya nuru, ikipindishwa na uga wa sumaku, hutoa mnururisho. Yenye nishati ya kadiri hutoa mawimbi ya redio, yenye nishati zaidi hutoa nuru, na iliyopindukia hutoa eksirei.

Ya pili ni mgongano wa Compton wa kinyume. Fotoni hafifu inakutana na elektroni yenye kasi, inajichotea nishati na kuondoka ikiwa eksirei. Fotoni hiyo yaweza kuwa imetoka kwenye mkondo wenyewe, kwenye sahani, au kwenye mnururisho baridi uliojaa ulimwengu mzima (tazama swali la 10).

Tofauti ya njia hizi si ya vitabuni tu. Sinkrotroni inadai elektroni zenye nishati ya kutisha ambazo huchoka haraka. Compton, hasa ile ya mnururisho baridi, inatosheka na elektroni za nishati ndogo zinazodumu muda mrefu. Ukikosea njia, umekosea pia uzito wa mkondo, kasi yake na nishati inayobebwa.

7. "Huchoka haraka" maana yake muda gani?

Hapa ndipo tunapopenda kukaa. Chukua M87. Ili elektroni itoe eksirei kwa sinkrotroni kwenye mafundo ya mkondo ule, inahitaji nishati ya kama elektroni-volti trilioni 10. Protoni za mashine kubwa ya kuharakisha chembe ya CERN, yenye mzunguko wa kilomita 27 chini ya ardhi, hufikia trilioni 6.8. Elektroni ya namna hiyo humaliza nishati yake kwa miongo michache, au ikibahatika, kama karne moja.

Sasa mkondo una urefu wa miaka 5,000 ya nuru. Elektroni iliyopata nguvu pale shimoni haiwezi kufika katikati ya mkondo ikiwa bado inatoa eksirei. Na bado eksirei zipo njia nzima. Ina maana elektroni zinaongezewa nguvu huko huko njiani, mbali na shimo. Yapo mawazo mawili makuu ya jinsi inavyotokea: mawimbi ya mshtuko ndani ya mkondo, au mistari ya sumaku inayokatika na kuungana upya.

Fundo moja la M87, HST-1, lililo umbali unaoonekana wa takriban miaka 200 ya nuru kutoka shimoni, lilituonyesha jambo hilo waziwazi. Tangu mwaka 2000 eksirei zake zilipanda hadi kuzidi mara 50 kufikia 2005, kisha zikashuka. Kwa muda lilimeta kuliko kitovu chenyewe. Waliodhani msisimko wote uko mlangoni mwa shimo walilazimika kufikiri upya.

8. Kuna ushahidi mwingine, au ni M87 tu?

Upo, na wa karibu zaidi. Centaurus A iko umbali wa takriban miaka milioni 12 ya nuru, na mkondo wake wa eksirei unajulikana tangu enzi za setilaiti ya Einstein, iliyorushwa 1978. Mwaka 2020 darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zilionyesha kwamba miale ya gama ya galaksi hiyo, yenye nishati kuliko eksirei, haitoki kitovuni peke yake. Imesambaa kufuata mkondo. Hilo linadai elektroni zenye nishati kubwa sana njiani, zile zile zinazohitajika kutoa eksirei kwa sinkrotroni. Kwa mikondo ya namna hii, isiyo na nguvu nyingi mno, kesi imekaribia kufungwa.

9. Na gesi ya moto inaingiaje katika habari ya mikondo?

Mikondo huipuliza na kuchimba mapovu ndani yake. Katika kundi la galaksi la Perseus, umbali wa takriban miaka milioni 250 ya nuru, picha za Chandra zinaonyesha mapovu meusi ya mviringo pande mbili za galaksi ya katikati, na mawimbi yakienea nje. Mwaka 2003 yalitambuliwa kuwa mawimbi ya sauti, oktavu 57 chini ya noti ya C ya katikati ya piano. Hakuna sikio la kuyasikia. Yale unayoyakuta mtandaoni yamepandishwa sana.

Mapovu hayo huzuia gesi isipoe upesi na kugeuka nyota. Ndiyo maana watu wanaochunguza kuzaliwa kwa nyota nao husoma habari za mashimo meusi.

## Ubishi

10. Tunasikia wanasayansi wamegombana kuhusu mikondo ya kwasa. Kisa nini?

Agosti 1999 mafundi wa Chandra walihitaji kitu cha kurekebishia umakini wa darubini mpya. Wakachagua kwasa PKS 0637-752, ambayo nuru yake imesafiri takriban miaka bilioni 6, wakitarajia nukta safi. Picha ikaja na nukta, na kutoka kwenye nukta hiyo mkia unaoelekea magharibi wenye mafundo yanayong'aa. Kitu cha majaribio kikawa ugunduzi.

Tatizo lilikuwa mwangaza wa mkia huo. Ukichora grafu ya mwangaza kutoka redio hadi nuru ya kawaida, mstari unateremka, kwa hiyo ungetarajia eksirei ziwe chini zaidi. Zikawa juu. Elektroni zile zile haziwezi kutoa nuru hafifu vile na wakati huo huo eksirei nyingi vile kwa sinkrotroni peke yake.

Jibu lililopendwa ni kwamba elektroni za mkondo zinagonga ule mnururisho baridi uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, wenye joto la nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri kamili, ambao Penzias na Wilson waliutangaza mwaka 1965. Ili hesabu itimie, mkondo lazima uwe bado unakimbia karibu na kasi ya nuru hata baada ya mamia ya maelfu ya miaka ya nuru, na uwe umetuelekea.

11. Ikawaje?

Wazo hilo lina deni: likiwa kweli, mkondo lazima utoe pia miale ya gama ya kiasi fulani, bila kupungua. Setilaiti ya Fermi, ya kunasa miale ya gama, iliyorushwa Juni 2008, ikaenda kudai. Kwa kwasa 3C 273 matokeo yalitoka 2014, kwa PKS 0637-752 mwaka 2015, na miale iliyotabiriwa haikuwepo.

Kwa hizo mbili na kadhaa zilizofuata, maelezo ya mnururisho baridi yamekwama. Kinachobaki ni kundi la pili la elektroni zenye nishati kubwa mno, zinazotoa sinkrotroni, au pengine protoni zinahusika. Sisi tunaegemea kundi la pili, tukikiri kwamba bado hakuna aliyeonyesha vizuri kwa nini mkondo mmoja uwe na makundi mawili.

12. Kwa hiyo wazo la mnururisho baridi limezikwa?

Kwa galaksi zilizo karibu nasi, ni kama limezikwa. Kwa za mbali sana, hapana. Ulimwengu ulipokuwa na ukubwa wa robo ya sasa, nishati ya mnururisho huo katika kila ujazo ilikuwa mara 256 ya leo. Mkondo wa enzi hizo ulikuwa na fotoni tele za kugonga. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Chandra imeona dalili za mkondo wa eksirei kwenye kwasa PJ352-15, ambayo nuru yake imesafiri miaka bilioni 12.7. Huko maelezo ya zamani yanafaa vizuri.

## Mikondo inayotutazama

13. Blaza ni nini?

Ni galaksi hai ile ile, ila mkondo wake umeelekezwa kwetu. Fikiria umesimama kando ya barabara ya Kisumu–Busia usiku na matatu inakuja na taa kamili: ikikuelekea huoni kingine, ikishapita inabaki gari la kawaida. Kitu chenye kasi karibu na ya nuru hukusanya mwanga wake upande wa mbele, ndiyo maana blaza huzima kila kingine katika galaksi yake. Pia ndiyo maana mara nyingi tunaona mkondo mmoja tu wakati ipo miwili. Ule unaokimbilia mbali nasi umefifia.

Markarian 421 na Markarian 501 ndizo blaza za karibu zinazotajwa sana. Eksirei zao ni sinkrotroni na zaweza kubadilika ndani ya saa chache.

14. Mwalimu alisema kuna mafundo yanayokwenda kasi kuliko nuru. Alikosea?

Yanaonekana hivyo. Darubini ya angani ya Hubble ilipima mafundo ya M87 yakisogea kana kwamba ni mara 6 ya kasi ya nuru. Fundo linapotujia karibu sambamba na mstari wa macho, linakaribia kuifikia nuru yake lenyewe, hivyo picha za matukio ya miaka mingi hutufikia zimebanana. Kasi halisi iko chini ya ile ya nuru. Mwalimu yuko sawa kama alisema "yanayoonekana".

15. Tunajuaje kwamba ni mawimbi ya mshtuko yanayoongeza nguvu?

Kwa kupima uelekeo wa mtetemo wa eksirei. Setilaiti ya IXPE, iliyorushwa tarehe 9 Desemba 2021, ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa Markarian 501 iliona takriban asilimia 10 ya eksirei zikitetemeka upande mmoja, zaidi ya mara mbili ya ilivyo kwa nuru ya kawaida. Maana yake eksirei hutoka eneo dogo lenye sumaku iliyopangika, karibu na mshtuko, kabla elektroni hazijatawanyika kwenye vurugu.

Kwa blaza BL Lacertae ikawa kinyume. Novemba 2023 mpangilio wa mtetemo wa nuru ya kawaida ulifika asilimia 47.5, ilhali wa eksirei haukuzidi 7.6. Hapo eksirei ni za mgongano wa Compton. Blaza mbili, njia mbili. Rudi swali la 6.

## Huku kwetu

16. Ni kweli setilaiti ya kwanza ya eksirei ilirushwa Kenya?

Kweli. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, Wamarekani na Waitaliano waliirusha kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na wakaiita Uhuru. Ndiyo ya kwanza kutengwa kwa ajili ya eksirei za angani tu. Kurushia karibu na Ikweta kulisaidia kuiepusha na maeneo yenye mnururisho mkali unaovuruga vitambuzi. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, vikiwemo Centaurus A, M87 na 3C 273, ingawa haikuweza kuona mkondo wowote. Macho yake yalikuwa butu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

17. Hiyo ni historia. Leo je?

Kituo cha Malindi bado kinapokea data za eksirei: za setilaiti za Swift, NuSTAR, na hiyo IXPE ya swali la 15. Matokeo ya Markarian 501 yalipita angani kwetu kabla hayajafika Ulaya na Marekani. Bara, antena ya zamani ya mawasiliano ya Longonot, kaunti ya Nakuru, imo kwenye mipango ya kugeuzwa darubini ya redio, na redio ndiyo nusu ya pili ya kila grafu ya swali la 10.

18. Naweza kuziona galaksi hizi kutoka Kisumu?

Eksirei zake hapana (swali la 4). Galaksi zenyewe, ndiyo, na Ikweta inatupendelea: tunaona anga ya kaskazini na ya kusini. Katikati ya Mei, kwenye saa tatu na nusu usiku, M87 na 3C 273 ziko karibu na utosi. Bahati mbaya ndiyo masika. Sisi hupendelea Februari, kati ya saa nane na saa kumi usiku, mbali na taa za Kondele.

Anza na Centaurus A, upande wa kusini. Kwenye darubini yenye kioo cha sentimita 20 ni ukungu wa mviringo uliokatwa katikati na ukanda mweusi wa vumbi. Mpe jicho dakika kadhaa lizoee giza. 3C 273 ni nukta tu, isiyo na tofauti na nyota jirani. Watu wengi huondoka wakiwa wameipuuza, mpaka waambiwe nuru hiyo iliondoka takriban miaka bilioni 2 iliyopita.

## Ya pembeni

19. Rangi za zambarau kwenye picha ni za kweli?

Hapana. Eksirei haina rangi kwa jicho. Mtengenezaji picha huchagua.

20. Mkulima wa miwa Muhoroni anafaidika nini?

Moja kwa moja, hakuna, na asikudanganye mtu. Vitambuzi ndivyo hufika hadi kwenye maisha ya kawaida: kampuni ya AS&E ya Marekani, alikofanya kazi Giacconi, ilitengeneza pia mashine za kukagua mizigo, za jamii ya hizo unazopitishia begi uwanja wa ndege.

21. Mwanafunzi asiye na darubini anaweza kufanya nini?

Data za Chandra kwa kawaida huwa wazi kwa umma baada ya muda fulani, bure. Programu ya kuzichambua, CIAO, ni ya bure pia, na DS9 ya kutazamia picha hufanya kazi hata kwenye laptopu ya kawaida. Pakua uchunguzi mmoja wa M87, ufungue kwa DS9, weka kipimo cha mwangaza kwenye logi, utafute HST-1 ubavuni mwa kitovu. Kisha pakua wa mwaka 2005 na wa miaka ya karibuni, uvilinganishe. Bando liwe la kutosha. Mafaili ni mazito.